Kiti cha mashine kilichotengenezwa chini ya mwembe

Najua nimepotea humu tangu likizo ianze. Nilikuwa nyumbani Chole, na kabla hamjaanza: SIYO Chole ya Mafia! Kila nikitaja kwetu hapa chuo, mtu ananiuliza habari za kisiwa na mafundi wa majahazi. Zote mbili ziko mkoa wa Pwani, ila yetu iko Kisarawe, bara kabisa, kwenye mihogo na mikorosho. Bahari sisi tunaiona tukija Dar.

Sasa chekeni: likizo hii nimetengeneza kiti cha mashine ya boti, huko huko Chole.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu anavua Kunduchi. Kapata mashine ya mtumba, HP 15, kwa pesa ya kuungaunga. Mashua yake ni ya tanga, tezi iko juu na katikati pana usukani. Ukiifunga mashine pale, pangaboi haliingii majini vizuri. Inabidi utoe kiti nyuma, pembeni ya usukani, kiishushe mashine. Alishachonga cha mbao, kikapasuka kwenye matundu ya bolti. Akaniambia, "Mjomba, wewe si unasomea ualimu wa kemia? Tutengeneze cha faiba." Kwake alikopanga wangetufukuza kwa harufu ya rezini, ndiyo tukapakia vitu kwenye lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, mpaka Chole.

Basi mwalimu mtarajiwa nikajiona profesa. Moyo wa kiti ni marini bodi. Juu yake unalaza mati ya faiba, unaloweka kwa rezini, unapitisha rola kutoa hewa, unalaza nyingine. Rezini haikauki kama rangi. Unaitia hadina, ambayo ni peroksaidi, inaanza mmenyuko, na mmenyuko huo unatoa joto. Kawaida ni asilimia 1 mpaka 2 tu. Mimi, jua la saa nane, nikakadiria kwa jicho. Kha! Kopo likaanza kufuka moshi mkononi, brashi ikagandia humo humo. Watoto waliojaa kuangalia wakatimua mbio. Bibi akauliza kama tunapika gongo.

(Kwa atakayejaribu: kama rezini yako inahitaji kobalti, usiikutanishe kobalti na hadina moja kwa moja, inalipuka. Koroga kobalti kwenye rezini kwanza mpaka ichanganyike kabisa, ndipo utie hadina. Na vaa glovu, faiba inawasha kama upupu.)

Tukachanganya nyingine, tukalaza mati mbio mbio. Siku ya pili tukapiga msasa, tukapaka rangi ya bluu. Jamani, kilipendeza! Mjomba akasema kesho alfajiri tunarudi Kunduchi.

Usiku sikulala. Mati ya tatu na ya nne nililaza rezini ikiwa imeshaanza kuwa uji mzito. Nikaamka na tochi na sarafu ya shilingi 200, nikawa nagonga. Ti, ti, ti... halafu du. Kwingine tena, du. Maana yake ndani kuna hewa.

Mashine ile ina karibu kilo 40 na inaning'inia nje ya chombo. Ikisukuma, kiti kinajipinda, na kila wimbi linakitikisa. Kikichomoka huko nje, mashine inazama na tezi inabaki na tundu, na ndani kuna watu watatu, mmoja ni kaka yake mama. Kwenye mtihani kosa kama lile lingeninyima maksi 2. Na hakuna mwingine aliyejua isipokuwa mimi.

Asubuhi nikamwambia. "Mjomba, hiki hakifai."

"Si kimekauka?"

"Kimekauka juu."

Akaniangalia kwa muda, kisha akachukua msumeno mwenyewe. Ndani mati zilikuwa nyeupe, kavu kama pamba, unazichomoa kwa vidole. Nilisubiri anigombeze. Akasema, "Bora kimekatikia hapa, mjomba." Basi.

Pesa ya rezini ya pili imetoka kwenye akiba yangu ya bumu, ndiyo maana mnaniona na chipsi kavu wiki hii. Safari hii tulifanya kazi alfajiri kukiwa na ubaridi. Rezini gramu 300 tu kwa kopo, hadina mililita 3 kwa bomba la sindano. Mati kumi kwa siku mbili. Matundu ya bolti tuliyatoboa makubwa, tukayajaza rezini yenye nyuzi za faiba, tukayatoboa upya, maji yasifike kwenye mbao. Nikagonga kote na sarafu yangu. Ti, ti, ti.

Kunduchi tulifunga na bamba la chuma kwa ndani ili uzito usikae sehemu moja, na mnyororo wa kuishika mashine kama lolote litatokea. Mjomba ameshatoka nayo mara kadhaa. Kila akirudi namuuliza, umegonga? Anacheka, lakini anagonga.

Mimi mwaka huu naenda mazoezi ya kufundisha. Darasa zima likiniitikia "ndiyo mwalimu, tumeelewa," nitaikumbuka ile rangi ya bluu.

Haya wadau, Jumatatu nina tesiti na sijashika daftari. Na mkisikia mtu wa Chole ya Kisarawe anaongelea boti, msimcheke tena.