Kimya Nacho Kina Tarehe



Juma hili tunasema juu ya kitu ambacho nyumba nyingi za Sake zinakijua bila kukitangaza: dosiye ya kilema cha askari. Vita vimepita kwetu mwaka 2006, mwaka 2012, na sasa tena. Kila mara vimeacha wanaume waliorudi bila mguu au jicho, na wajane wanaolala na bahasha ya makaratasi chini ya mto. Tutaeleza bahasha moja tu, ile ya familia yetu, kwa sababu yaya wetu ametupa ruhusa.

Yaya alipoteza mguu wa kushoto Novemba 2012. Sheria ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya askari wa FARDC inatambua haki ya askari aliyepata kilema kazini, na haki ya mjane na mayatima wake. Kwa hiyo hatuombi sadaka. Mwaka 2015 dosiye ilipelekwa. Mwaka 2018 jibu lilitoka: asilimia ya kilema ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoandika daktari. Mwaka 2019 tukapeleka barua ya rufani. Tangu siku ile, kimya.

Miaka 5 ni mirefu namna gani? Sisi tunaipima kwa mtoto wake wa kwanza. Barua ilipokwenda alikuwa mwaka wa nne wa shule ya msingi. Msingi ni bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa. Leo angekuwa humanités. Yuko Goma anauza makala. Tunaipima pia kwa mguu wa bandia, maana mguu huo unachakaa kama kiatu, na mwenye kuuvaa anakonda au ananenepa. Na tangu Februari 2024, mabomu yalipoanguka Sake na wengi wetu tukakimbilia Bulengo na Lushagala, ile bahasha inakaa ndani ya plastiki mbili, karibu na unga.

Darasani tunafundisha kwamba mvumilivu hula mbivu. Sawa, lakini mvumilivu anahitaji kujua msimu. Wote tuliona Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipomvalisha medali mzee Albert Kunyuku huko Kinshasa. Mzee huyo alikuwa na miaka 100, askari wa Force Publique aliyefika mpaka Burma katika vita vya pili vya dunia. Vita hivyo vilikwisha 1945. Hesabu wenyewe: miaka 77. Tulifurahi kwa ajili yake, lakini tulijiuliza wenzake wangapi waliondoka duniani bila kusikia hata asante.

Hata katika nchi tajiri askari wa zamani wanangoja. Marekani rufani za kilema zilikuwa zikichukua miaka 3 na zaidi, mpaka sheria mpya ilipoanza kazi Februari 2019. Serikali ikajiwekea shabaha: siku 125 kwa rufani zinazoangaliwa ofisini, na siku 365 kwa ile njia fupi ya mbele ya baraza. Si kwamba shabaha inafikiwa kila mara. Lakini askari wa kule akichelewa kujibiwa, anajua kwamba amecheleweshwa. Sisi hatukujua hata hilo.

Kumbe nasi tuna hesabu. Mwanasheria mmoja aliyekuja kusaidia wakimbizi alitueleza juu ya sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 ya mahakama za utawala. Ukipeleka malalamiko kwa mkubwa wa leta, naye akanyamaza miezi 3, kimya chake kinahesabiwa kuwa amekataa. Hapo mlango wa mahakama unafunguka, nao haubaki wazi siku zote. Tulimwuliza: basi miezi yetu 3 ilikwisha zamani? Akatuuliza naye: kashe ya kupokelewa iko wapi?

Haikuwepo. Katika biro ile walisema mara mbili, «Acheni barua hapa, tutawaita.» Bila kashe na tarehe, miaka yetu 5 haina siku ya kuanzia. Mbele ya hakimu ni kama hatujangoja hata siku moja.

Tarehe 12 Juni shemeji yetu alirudi na barua mpya na fotokopi yake. Wamama wawili wa muso yetu walimsindikiza.

«Baba, tunaomba kashe kwenye fotokopi.»

«Mama, kashe ya nini? Barua si imekwisha kupokelewa?»

«Ndiyo, baba. Basi andika kwamba imepokelewa.»

Walikaa pale mpaka saa nane za mchana. Kashe ikagongwa, na tarehe na sahihi.

Hatujui jibu litakuwa nini. Jibu baya linauma, lakini unaweza kulijibu. Kimya kisicho na tarehe hakina pa kushikwa. Sasa chetu kina tarehe: 12 Septemba. Siku hiyo, barua ije au isije, tutajua pa kwenda, na mwanasheria amekubali kutuandikia.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Jumamosi, kwenye mkutano wa muso, kila mama mwenye dosiye ya mume, ya kaka au ya mtoto alete karatasi zake. Sisi walimu tutaleta daftari. Tutaandika jina, siku barua ilipopokelewa, na siku miezi 3 inapotimia. Asiye na kashe, tutapanga nani atamsindikiza, wawili wawili. Wasiojua kusoma waje bila haya. Kazi ya kusoma ni yetu.

Leteni fotokopi. Ile ya asili ibaki nyumbani.