Sauti ya Nyakakika kwenye Katuni

Jioni Nyakakika, wilayani Karagwe, hunukia moshi na ndizi zinazochemka. Bibi anasimulia kwa Kinyambo: fisi anakoroma, sungura ananong'ona, koo ni lile lile.

Kesho wajukuu watatazama kwenye simu ya mama Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Kijana anayekwenda fildi kuchagua sauti za katuni hufurahia kazi kama ya wajukuu hao: kusikiliza. Hii ni ya babu au mtoto?

Mzazi, mwanao akisimulia, usimcheke lafudhi. Siku katuni itakapomhitaji mtoto wa Karagwe, nani atamsemea?