Kanuni za Mtaa na Maua ya Nchi

Wasomaji wataona ajabu kusikia kwamba yuko mtu aliyenunua nyumba na kiwanja chake, naye hana ruhusa ya kupanda humo apendavyo. Lakini ndivyo ilivyo katika mitaa mingi ya Marekani. Mtu anunuapo nyumba huko, papo hapo huingia katika chama cha wenye nyumba, hutoa ada, na hufungwa na kanuni zake. Kanuni moja ijulikanayo sana ni hii: mbele ya nyumba pawe na nyasi fupi zilizokatwa sawasawa.

Mimi nafundisha katika jimbo la Maryland, nami nakaa katika mtaa wa namna hiyo. Nyasi zile hutaka mbolea, na kukatwa mara kwa mara wakati wa joto, wala nyuki hapati chakula kwake. Mvua kubwa ikinyesha, mbolea huchukuliwa na maji mpaka Ghuba ya Chesapeake. Huko mwani husitawi kupita kiasi, hufa, huoza, na samaki hukosa hewa. Kwa sababu hiyo niling'oa sehemu ya nyasi, nikapanda mimea ya nchi: yale maua ya manjano yenye kitovu cheusi, ambayo ndiyo maua ya jimbo tangu mwaka 1918, na mmea mmoja wenye utomvu mweupe kama maziwa. Yuko kipepeo mkubwa wa rangi ya machungwa na mistari myeusi, ambaye kiwavi wake hali majani ila ya mmea huo na jamii yake. Baridi ikikaribia, vipepeo hao huruka mpaka milima ya Mexico.

Mwaka wa pili, mwezi wa Agosti, nikapokea waraka wa chama: kiwanja changu kimejaa magugu, niyafyeke katika siku 10, la sivyo nitatozwa faini. Nikaenda kutazama; viwavi walikuwamo, wakila. Tangu yai mpaka kuruka, kipepeo huyo huhitaji yapata mwezi mmoja.

Sikuwa wa kwanza. Katika mji wa Columbia, huku huku Maryland, mwaka 2017 mume na mke waliamriwa na chama chao kurudisha nyasi. Wakakataa, wakaweka wakili, na mwaka 2020 wakapatana, bustani ikabaki. Tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2021, sheria ya Maryland yakataza vyama kuzuia bustani za nyuki na vipepeo. Lakini chama chaweza bado kudai kwamba zitunzwe.

Basi nikaipeleka sheria hiyo mkutanoni. Jirani yangu mmoja, mzee, akasema, “Bwana, mimi siogopi maua. Naogopa panya, tena naogopa nyumba yangu ishuke bei.” Neno lake lilikuwa na uzito, maana nyumba ile ndiyo akiba yake ya uzeeni. Nikaahidi kuacha ukingo wa nyasi zilizokatwa kando ya njia, kuweka mimea mirefu nyuma na mifupi mbele, na kusimamisha kibao chenye majina yake. Wakakubali, faini ikafutwa, na viwavi wakamaliza chakula chao.

Mpita njia hawezi kujua kama mimea imepandwa au imeachwa tu. Kwa hiyo haki ya sheria pekee haimtoshi mwenye bustani. Yapasa jirani aione kazi ya mkono wake. Na chama nacho, kabla ya kuandika waraka, kiulize kwanza: mmea huu ni nini, na ni nani aulaye?