Kinanda cha Volti Mia Moja

Kuna moshi wa aina mbili ambao mke wangu hausamehi. Wa kwanza ni wa sigara. Wa pili ni ule uliotoka nyuma ya kinanda changu usiku mmoja wa mwezi wa saba, 2014, sebuleni kwetu Mbagala, dakika moja hivi baada ya kukichomeka kwenye umeme. Ulikuwa moshi mwembamba tu, wala haukukaa sana. Lakini uliondoka na kodi yetu ya miezi sita.

Ngoja nieleze vizuri. Tulikuwa tumepanga kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam, mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo: 480,000. Hela ilikuwa tayari, imo kwenye bahasha ndani ya sanduku la nguo, inangoja mwezi wa nane. Mimi nikaichukua. Nilijiambia naikopa. Mdogo wake Mama Salma alikuwa anaolewa Desemba kule Tanga, nami nilikuwa nimeahidi mbele ya wakwe zangu kwamba nitatunga wimbo wa harusi. Mtu mwenye ahadi nzito namna ile, nikawaza, anahitaji chombo kizito.

Nikakipata kwa muuza mitumba ya Japani. Vibonyezo 76, sauti ya piano inayokufanya ufumbe macho. Pale dukani kiliwaka bila tatizo. Chini ya meza palikuwa na kisanduku cha chuma, kizito, kinanguruma kidogo, ambacho sikuuliza ni cha nini. Nikalipa, nikabeba kinanda changu, kisanduku kikabaki.

Wanaojua wameshaelewa. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Kile kisanduku kilikuwa transfoma ya kushusha umeme. Mimi nyumbani nilitumia kile kiadapta cha kubadilisha plagi bapa iingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu, nikidhani kimemaliza kazi. Kumbe kiadapta kile kinabadilisha umbo la plagi tu, umeme wenyewe kinaupitisha kama ulivyo. Nyuma ya kinanda palikuwa pameandikwa "100V" kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka kabisa. Sikusoma. Nilikuwa na haraka ya kuwa mwanamuziki.

Mama Salma alitoka chumbani, akaangalia moshi, akaangalia kinanda, akarudi chumbani. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alirudi akaniuliza swali moja tu: "Baba Salma, na wimbo wenyewe uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Miezi minne nilikuwa nikizunguka madukani nikilinganisha vinanda, nikiuliza bei, nikijaza kichwa majina ya modeli. Wimbo sikuwa nao hata mstari mmoja.

Fundi wa mtaani alibadilisha kilichoungua ndani kwa 30,000, kikaamka, lakini kikawa na mvumo usioisha, kama nzi ndani ya chupa. Nikakiuza kwa 180,000. Hiyo 150,000 iliyobaki, pamoja na 60,000 ya mshahara, ndiyo iliyotulipia miezi sita ya chumba kimoja kule Chamazi. Kutoka vyumba viwili na sebule hadi chumba kimoja, mimi, mke, na mtoto wa miaka minne. Kwa wiki nyingi tulizungumza mambo ya lazima tu: maji, chumvi, nauli.

Na kile chumba, nakiri, ndicho kilichonifundisha kutunga.

Hatukuwa na kinanda ila kile cha Salma, kidude cha vibonyezo 32 vidogo vidogo, nilichomnunulia mnadani. Siku moja usiku nikakihesabu. Vibonyezo 32 ni oktavo mbili na nusu. Sasa jiulize: nyimbo unazozipenda, ambazo mtu wa kawaida anaweza kuziimba akifua nguo, zinapanda na kushuka kiasi gani? Nyingi hazitoki nje ya oktavo moja na sauti chache juu yake. Kile kichezeo kilikuwa na nafasi ya kutosha na ya kubaki. Kilichokosekana ni maneno.

Basi nikaanza na maneno, na hapa ndipo ningemshauri kila anayetunga nyumbani aanzie. Sisi tuna bahati ambayo tunaidharau: ushairi wetu tayari una mapigo ndani yake. Mizani minane kwa minane ni ngoma iliyokwisha kuwambwa. Ukisema mstari wa mizani minane kwa sauti huku unatembea, miguu yenyewe itakuonyesha mdundo. Usikimbilie kinanda. Sema mstari mara ishirini. Useme kwa hasira, uuseme kwa upole, uuseme kama unamwita mtu ng'ambo ya barabara. Mara ya kumi na kitu utasikia sauti inaanza kupanda na kushuka yenyewe. Hapo chukua simu, rekodi, hata kama upo kwenye daladala na konda anapiga mlango. Kinanda kije baadaye, kukuambia ulichokwisha kuimba kinaitwaje.

Na sauti za kusindikiza zisikutishe. Katika C unahitaji kodi tatu tu kuanza nazo: C, F na G. (Kodi hizi hazilipwi kwa miezi sita.) Ukiona wimbo wako hausimami kwa hizo tatu, mara nyingi shida ipo kwenye maneno. Kodi ya nne haitauokoa.

Mstari wa kwanza alinipa Mama Salma mwenyewe, bila kukusudia. Alikuwa akizungumza na mdogo wake kwenye simu, akimtoa hofu, akamwambia njia yako iko barabara, wewe nenda tu. Nikauweka sawa: *Mdogo wangu enenda, njia yako barabara*. Nane na nane. Usiku huo nikakaa na kinanda cha Salma mapajani, sauti nimeipunguza hadi mwisho mtoto asiamke, nikapata tuni. Ilipanda vizuri hadi neno la mwisho, na pale nikaweka sauti moja ndefu, ya juu, tamu, kwenye silabi ya tatu: bara-BAAA-ra.

Nikaimba chinichini. Mama Salma, ambaye nilidhani amelala, akaanza kutikisika gizani. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kitako kitandani.

"Yaani mbele ya wakwe zake," alisema alipopata pumzi, "unamwambia mdogo wangu njia yake ni barabara? Wapite watu wote na magari?"

Nilichukua muda kuelewa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiuweka hapo, neno lile ni barabara ya lami. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, ba-RA-bara, ndipo linakuwa sawasawa, bila kasoro. Tuni yangu ilikuwa imemgeuza bibi harusi kituo cha daladala.

Tulicheka wote wawili hadi Salma akaamka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule moshi. Kisha Mama Salma akauimba mwenyewe mstari ule, akashusha ile sauti ndefu, akaipeleka silabi moja nyuma. Wimbo ukakaa. Kuanzia usiku ule tuni nyingi zilitoka kwake, mimi nikawa mtu wa kutafuta kodi.

Hilo ndilo somo ambalo hakuna kinanda kitakachokufundisha. Tuni ina mkazo wake na neno lina mkazo wake, na vikigombana msikilizaji atasikia kitu kingine usichokisema. Kabla hujaridhika na wimbo, mwimbie mtu asiye na sababu ya kukufurahisha. Kisha kesho yake asubuhi usimuulize aliuonaje. Sikiliza tu anavuma nini akichota maji. Kipande alichobaki nacho ndicho kiitikio chako, hata kama wewe ulikusudia kingine.

Sasa, najua wengine mmekuja kwa ajili ya kinanda, na sitaki kujifanya mtawa. Vyombo ni vitamu. Basi nitasema nilichojifunza kwa bei kubwa.

Kwanza, geuza. Soma nyuma kabla hujasikia mbele. Kama kina adapta yake, tazama volti na mchoro wa chanya na hasi, maana adapta inayoingia vizuri kwenye tundu si lazima iwe ndiyo. Kama waya unaingia moja kwa moja ukutani na kimetoka Japani au Marekani, uliza transfoma iko wapi, uitazame kwa macho yako. Na kama kinakubali betri, kipe alama ya ziada. Kwetu umeme huondoka bila kuaga, mara nyingi katikati ya beti.

Pili, vibonyezo. Piano kamili ina 88. Kwa anayetunga nyumbani, 61, yaani oktavo tano, zinatosha kabisa: mkono wa kushoto unapata kodi zake, wa kulia tuni yake. Vile vizito vya mfano wa piano ni vya anayesomea piano. Ni vizuri, lakini jaribu kukipandisha chombo hicho kwenye bajaji ndipo tuzungumze. Jambo muhimu kuliko idadi ni kama vibonyezo vinahisi nguvu ya kidole. Chagua sauti ya piano, gusa kibonyezo kimoja polepole, kisha kigonge. Kama sauti ni ileile, kiache, kwa sababu kitakufundisha kupiga bila kuhisi. Halafu bonyeza kimojakimoja, vyeupe na vyeusi, hata muuzaji akikunja uso.

Tatu, matundu. La hedifoni ni la lazima ukiishi chumba kimoja. La pedali litakusaidia. Na tundu la kuunganisha na simu au kompyuta, iwe USB au lile la duara la zamani la pini tano. Lugha wanayozungumza vyombo hivi, MIDI, ilikubaliwa na watengenezaji mwaka 1983 na bado inafanya kazi, kwa hiyo kinanda cha umri wa mzazi wako kinaweza kuongea na kompyuta ya leo.

Nne, midundo ya kiwandani. Wenye majivuno huicheka. Mimi siicheki tena. Mwaka 1981 Casio walitoa kinanda kidogo cha nyumbani, MT-40, na midundo yake ilitayarishwa na mfanyakazi kijana, Okuda Hiroko. Mdundo mmoja uliokuwa umeandikwa tu "rock" ulifika Jamaica, ukapunguzwa mwendo, na mwaka 1985 ukawa uti wa mgongo wa "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, uliobadilisha muziki wa kule kwa miaka mingi. Chombo kilikuwa cha bei ndogo. Walichokuwa nacho ni sikio, na wimbo wa kuuweka juu yake.

Harusi ilifika. Kikundi cha taarabu kilichokodiwa kilisikiliza rekodi yetu ya simu, na mpiga kinanda wao aliudaka wimbo kwa dakika kumi. Mama Salma ndiye aliyeimba. Alipofika kwenye *barabara* alinitupia jicho moja, na mimi nikainamisha kichwa nisicheke mbele ya baba mkwe. Bibi harusi alilia, ndugu wakatuza. Hela aliyotuzwa haikufika hata kodi ya mwezi mmoja ya ile nyumba ya Mbagala. Niliihesabu. Sikuweza kujizuia.

Sitasema moshi ule ulikuwa heri. Miezi kumi na minane tuliishi chumba kile, na Salma hadi leo anakumbuka joto lake. Wimbo ungeweza kutungwa Mbagala, sebuleni, juu ya kinanda kilekile cha mtoto, hela ikiwa sandukuni. Hicho ndicho kinachoniuma.

Siku hizi nina kinanda cha vibonyezo 61, kipya, nilichokilipia kidogokidogo. Nyuma nimeandika kwa kalamu ya wino mnene: 12V. Kile cha vibonyezo 32 kipo pia, vitatu havitoi sauti, na nyimbo bado naanzia hapo. Kodi yetu inaisha mwezi wa tatu. Hela ipo tayari, kwenye bahasha. Mama Salma anajua bahasha iko wapi. Mimi sijui, na sijauliza.