Kipande cha Shingoni

Apendaye kukusanya vitu vya kale huwa na maradhi mawili: hupenda kuona kisichokuwapo, na huchelewa kuona kilichopo. Mimi nimeugua yote mawili, na Tabora ndiko nilikopata dawa yake.

Nilikwenda huko kwa reli ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu na njia ya kale ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Mchuuzi mmoja akanionyesha kipande cha bati chenye umbo la yai na matundu ya kupitishia uzi, akasema kilifukuliwa kando ya boma la Wajerumani. Kilikuwa kipande cha askari cha kuvaa shingoni, kimsemeacho maiti wakati uso wake hauwezi tena kutambulikana. Nilikinunua bila ya kubishana bei, kwa kuwa babu yake mama yangu, mpagazi wa Kinyamwezi, alichukuliwa na jeshi la Wajerumani mwaka 1916, asirudi. Kabla sijakitazama vyema nilikwisha kumpelekea mama habari, "Nimepata kitu cha babu, au cha mtu aliyetembea naye."

Usiku nikakisoma kwa taa na kioo cha kukuzia. Kutambua kipande cha namna hii si uganga. Ni kukiuliza maswali kwa subira. Jeshi la Prussia lilikuwa na vipande hivi katika vita vyake na Ufaransa vya 1870. Vile vya zamani viliandikwa kikosi na namba tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza likaongezwa jina la askari. Na mwaka 1917 kipande kikakatwa mstari wa nyufa katikati, ili mwenyewe akifa nusu moja ivunjwe na kupelekwa kwa wakubwa, na nusu ya pili ibaki na maiti. Katika vita vya 1939 hadi 1945 mstari ulibaki, jina likaondolewa, ikatiwa herufi ya kundi la damu.

Changu kilikuwa na mstari katikati. Jina hakikuwa nalo, ila namba, kikosi, na herufi A peke yake. Nayo Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916! Kama si cha kuigiza, kipande kile kilikuwa cha vita vingine na cha nchi nyingine. Hakikupata kuvaliwa na mtu aliyepigana Tabora.

Naliweza kunyamaza. Mama hajui herufi za Kijerumani, naye angefurahi. Walakini niliona kwamba kumpa marehemu kitu kisicho chake ni kumpoteza mara ya pili.

Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wazee mishahara yao ya vita, wazee mia kadhaa walikusanyika Mwanza, wengi wao bila ya hati yoyote. Wakapewa ufagio mahali pa bunduki, wakaamriwa gwaride kwa Kijerumani, wala hakuna aliyekosea. Askari alitambulikana kwa mwili wake. Je, mpagazi angeamriwa nini? Yeye hakufundishwa gwaride, alifundishwa uzito. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa hukisiwa kupita 90,000. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, lakini majina yao wenyewe hayakupata mtaa.

Nilipomrudia mama nilimweleza yote, nikaomba radhi. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akaingia chumbani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na sarafu ya shaba ya manjano.

"Mwanangu," akasema, "hii ndiyo aliyomwachia bibi siku ya kuondoka. Hukuniuliza."

Nikaitazama. Ilikuwa na taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na chini yake T. Nyuma iliandikwa 20 Heller. Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari walizipiga sarafu hizi katika karakana ya reli karibu na Tabora, kwa maganda ya mizinga na shaba nyingine. Na T ile ni ya Tabora. Mwaka ulikubali, mahali palikubali, na jina la fedha hiyo hata leo tunalo vinywani kila tusemapo "hela". Yamkini ndiyo iliyokuwa bei ya mabega yake.

Sarafu nayo haina jina la mtu. Lakini mama alilitaja jina la babu yake, na la baba yake babu, nami nikayaandika katika karatasi, nikaikunja pamoja na sarafu katika kitambaa kile kile. Kile kipande cha bati ninacho bado. Kiko mezani pangu kati ya vitu vingine, na kibandiko chake kinasema kweli: si cha Tabora. Nusu zake mbili hazijaachana, na huenda mwenyewe alirudi kwao. Namtakia hivyo, maadamu wa kwetu hakurudi.