Mlio wa puli kabla ya kupanda Kitonga

Mzazi anayepakia watoto kwenye gari la zamani kwa safari ndefu huangalia tairi, oili na mafuta. Puli ya wota pampu haimjii akilini. Mimi naijua kwa sababu marehemu baba alikuwa fundi, na spea mbovu ndizo zilikuwa vitu vyetu vya kuchezea.

Ni gurudumu dogo la chuma mbele ya injini. Katika magari mengi huzungushwa na mkanda wa nje, ule ambao mafundi huuita feni belti. Puli imefungwa kwa boliti kwenye shafti, shafti imepita ndani ya beringi, na mwisho wake kuna mapanga madogo yanayosukuma maji. Maji huzunguka ndani ya injini, hubeba joto, hupoa kwenye rejeta, kisha hurudi. Puli ikisimama, maji nayo yanasimama, na injini iliyokuwa kwenye nyuzi 90 hivi inaweza kuchemsha ndani ya dakika chache, hasa mlimani.

Desemba iliyopita nilikuwa nawapeleka wanangu wanne kwa bibi yao Iringa, shemeji yangu akiwa kiti cha mbele. Tulipoiacha Mikumi, mdogo wao akasema, "Mama, kuna ndege analia ndani ya gari." Nikazima redio. Ulikuwa mlio mwembamba, unapanda nikikanyaga mafuta, unashuka nikiachia. Mkanda uliolegea hulia hivyo, na beringi iliyochoka pia. Lakini ya beringi hugeuka kuwa mkwaruzo. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kati ya wauza vitunguu, ulishakuwa mkwaruzo.

Mshale wa joto ulikuwa bado katikati. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Shemeji, gari halijachemsha," akasema. "Twende tu, Iringa si mbali."

Watoto walikuwa wamechoka, bibi anapiga simu kila mara, kuku ameshachinjwa. Lakini mbele yetu kulikuwa na Kitonga, kona juu ya kona na malori yanayopanda kwa mwendo wa kinyonga. Gari likizima pale, watoto wanne unawaweka wapi? Nikasema hatupandi.

Nilizima injini, tukasubiri ipoe. Mkanda unaozunguka hauchagui kidole wala ncha ya kitenge. Mwanangu mkubwa alitaka kufungua rejeta aongeze maji, nikamshika mkono: maji ya moto mle ndani yamebanwa, ukifungua yanakurukia usoni.

Injini ilipopoa nikaishika puli juu na chini, nikaitikisa. Ilicheza. Beringi ikiwa nzima, puli haichezi hivyo. Shemeji akajaribu mwenyewe, akanyamaza. Chini ya pampu palikuwa na michirizi ya maji yaliyokauka. Pampu nyingi zina kitundu cha kutolea maji pale mpira wa ndani unapochoka. Ukingo wa mkanda nao ulishaanza kutoa nyuzi, maana puli inayoyumba huutafuna. Kwenye gari letu mkanda huohuo huzungusha altaneta, kwa hiyo ukikatika taa ya betri huwaka hata kabla mshale haujapanda. Na feni ikiwa imefungwa kwenye puli hiyohiyo, kama ilivyo kwenye magari mengi ya zamani, beringi ikiachia feni inaweza kuikata rejeta. (Kuna injini ambazo pampu huzungushwa na taimingi belti ndani ya kava. Hizo waachieni mafundi.)

Tulilala gesti, sita kwenye vyumba viwili. Pampu ilikuja asubuhi na basi kutoka Iringa. Fundi alitaka kurudishia mkanda wa zamani, eti bado una maisha. Nikakataa, nikanunua mpya. Pampu, mkanda, gasketi na kulanti vilikula fedha yote ya sare za shule za Januari, na mume wangu aliguna kwenye simu. Silinda hedi ikipinda kwa joto, ni fedha nyingine kabisa, na sisi hatukuwa nayo.

Kitonga tulipanda polepole nyuma ya lori la mbao, redio imezimwa, watoto wote wanasikiliza ndege. Hakulia. Iringa tulifika saa nane mchana, tukamkuta bibi anachinja kuku wa pili. Wa kwanza alishaliwa na majirani.