Jiko la Mfuko Mmoja wa Saruji

Kazi ya terazo niliiingia mwaka 1994 kama saidia fundi, kwenye ukarabati wa ngazi za ghorofa moja la zamani Upanga, Dar es Salaam. Mzee aliyenipokea alijifunza kwa makandarasi wa Kihindi, na kwake hapakuwa na darasa: ulishika ndoo ya maji, ukatazama. Ngazi zile zilikwisha kukanyagwa na vizazi vya wapangaji, kingo zimelika, uso umepauka. Tulipopitisha mashine ya kusaga, chembe za marumaru zikajitokeza, nyeupe, nyekundu na nyeusi, ngumu vilevile kama siku zilipomwagwa. Nikaipenda kazi palepale.

Halafu soko likatugeuka. Vigae vikajaa Kariakoo, kila mwenye nyumba akataka vigae, mashine za terazo zikalala stoo. Nikajifunza kubandika vigae, nikaenda pia kwenye yadi ya kukata granaiti, nikarudi kwenye terazo watu walipoanza kuitafuta tena. Kwa njia hiyo kaunta za jikoni nimezitengeneza kwa karibu kila kitu ambacho fundi wa Dar es Salaam anaweza kukipata. Wanaojenga kwa pesa ya kuungaunga ndio wanaoumia zaidi jikoni. Nyumba imefika ukingoni, mfuko umekauka, na kila anayepita ana ushauri wake.

Granaiti ni jiwe zuri, sitalisema vibaya. Sufuria ya moto hailibabui, ndimu hailiumizi. Lakini bei unayotajiwa dukani ni ya jiwe peke yake. Bado usafiri, bado kukata, bado kung'arisha ukingo, bado tundu la sinki. Na slabu huuzwa nzima: ukitoa kaunta ya upana wa sm 60, kinachobaki unakuwa umekilipia. Hapo ndipo mwenye pesa kidogo anapopata nafasi yake, maana vipande vinavyobaki hurundikwa nyuma ya yadi za kukata mawe. Kipande cha mita moja kinatosha pembeni ya jiko la gesi, mahali sufuria inapotuliwa. Nenda na vipimo vyako, zungumza na msimamizi wa yadi, usione haya.

Ila nenda na ndimu. Wapo wauzaji wanaokuuzia marumaru kwa jina la granaiti. Kamulia matone mahali pasipoonekana, ngoja dakika chache, futa. Marumaru ni jamii ya chokaa, asidi inaila, utaona mng'ao umekufa pale tone lilipokaa. Granaiti itabaki kama ilivyo. Kwenye majiko yetu yenye ukwaju, siki na ndimu kila siku, jaribio hilo ni la lazima.

Mbao zilizoshindiliwa na kufunikwa fomaika sizipendekezi karibu na sinki. Maji yakishapenya kwenye kiungo kimoja, ubao unavimba na haurudi tena.

Vigae vinafaa kuliko watu wanavyodhani, hasa kama yamebaki maboksi ya sebuleni. Adui wa kaunta ya vigae ni grauti, ile inayojaza mistari kati ya kigae na kigae. Bizari ya manjano ikiingia kwenye mistari ile haitoki, na mafuta yanaifuata. Kwa hiyo chukua vigae vikubwa, viungo viwe vichache na vyembamba, na kama pesa inaruhusu tumia grauti ya epoksi kwa ajili ya kaunta tu. Ni eneo dogo, gharama yake inavumilika.

Lakini mimi ni mtu wa terazo, na nitaeleza sababu kwa nyumba moja ya Kimara. Mwenyewe alikuwa mama muuguzi, akijenga na mumewe kidogo kidogo kwa fedha za kikoba. Mume alishanieleza anataka granaiti nyeusi ukuta hadi ukuta, kama kwa jirani. Mama akanivuta pembeni.

"Fundi, pesa yote ya kikoba ikiishia kwenye jiwe, madirisha ya chumba cha watoto nitayaweka lini?"

"Dada, wewe ndiye utakayesimama hapa. Niambie unapika nini."

Akanitajia: chapati za Jumamosi, wali wa nazi, samaki wa ukwaju. Kinu anakitwangia uani. Nikamwita mumewe, nikatoa kwenye begi kipande cha terazo iliyokwisha kusagwa ambacho huwa natembea nacho. "Kaka, shika hiki kwanza." Akakigeuza, akakilowesha maji, akauliza bei. Tulielewana siku hiyohiyo.

Hesabu yenyewe ni hii, na yeyote anaweza kuirudia. Kaunta ya urefu wa mita 3, upana sm 60, unene inchi 3, inakula zege chini kidogo ya moja ya saba ya mita ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Nondo mbili za mm 10 zinatosha kusukia wavu wake. Chini unasimamisha kuta fupi za matofali, nafasi kati yake isizidi mita moja. Juu unaweka tabaka la terazo la nusu inchi: saruji nyeupe, chembe za marumaru na rangi kidogo ukipenda. Saruji nyeupe hiyo haifiki nusu mfuko. Gharama kubwa inayobaki ni mkono wa fundi na mashine.

Mkono huo ndio wa kuuchunguza. Kabla ya kumwaga, nilimwomba mama yule asimame jikoni, akunje kiwiko, nikaweka alama ya penseli ukutani na kushuka sm 13. Mafundi wengi humwaga kwenye sm 90 bila kuuliza mtu. Yeye alikuwa mfupi, kaunta yake ikatua sm 82, na chapati zinakandwa bila mabega kupanda. Jambo hilo halina gharama hata senti moja, na bado ni nadra kuona fundi akilifanya.

Chini ya ukingo, kabla zege halijamwagwa, weka kiwaya au kijiti ili kibaki kimfereji cha kukatisha maji. Bila hicho, maji yanatambaa chini ya kaunta na kuozesha milango ya makabati. Pembe za tundu la sinki ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Zege limwagiliwe na kufunikwa kwa wiki nzima. Kisha kusaga: jiwe la chembe kubwa kwanza, unaziba vitundu kwa uji wa saruji nyeupe, unasubiri, unarudi na mawe laini hadi uso uteleze. Mwisho ni dawa ya kuziba vitundu au nta. Terazo nayo ina chokaa ndani yake, hivyo ukwaju ukimwagika ufutwe mapema. Lakini ikipauka inasagwa upya palepale ilipo.

Jambo zito nimeliacha liwe la mwisho, nalo ni vumbi. Kwenye yadi ya granaiti tulikuwa tukikata kavu, kuanzia asubuhi hadi jua linazama, na wote tulikuwa weupe hadi kwenye kope. Granaiti ina madini ya kwazi, na vumbi lake laini likiingia mapafuni linaacha makovu yasiyotibika, tena linafungulia mlango kifua kikuu. Mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayouzwa sasa kwa jina la kwazi ni hatari zaidi, maana mengi yana madini hayo zaidi ya asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu vijana wakataji walikuwa wakiugua. Kaunta ya bei poa inayomharibia mapafu kijana wa watu si ya bei poa, na mimi siikati.

Nawe unayejenga, weka kwenye bajeti yako barakoa ya kuchuja vumbi na mpira wa maji. Mwulize fundi kabla hamjapatana kama ana mashine ya kukatia kwa maji. Ukimkuta anakata jiwe kavu kwenye kiwanja chako, msimamishe, mpe maji, ndipo kazi iendelee.